Tupeleke oda ya Linux

Laptopu nyingi zinazoletwa mezani kwangu siku hizi hazina ubaya wowote. Kioo kizima, kibodi nzima, betri inavumilia, lakini mwenyewe ameshaambiwa kwamba imekwisha. Kilichokwisha ni huduma ya kawaida ya Windows 10, ambayo Microsoft iliifunga tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo ina masharti yake: inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa mashine za Intel, kwa kawaida inataka prosesa ya kizazi cha nane kwenda mbele. Mtumba unaoshuka Tanga, huu ninaoushika mimi, mwingi ni wa kizazi cha nne hadi cha sita. Ni mashine zilizomaliza zamu yake katika ofisi za Ulaya na Dubai, na bado zina nguvu za kutosha kuuza panadoli na kuandika ripoti za shule.

Nina kibanda cha ufundi Ngamiani, barabara ya nane, na tiba ninayotoa ni Linux. Mwenye biashara namwekea Ubuntu; aliyezoea sura ya Windows namwekea Mint. Mteja anawasha, anaona intaneti ipo, barua zake zinafunguka kwenye LibreOffice, flashi ya jirani haimletei virusi tena. Anatabasamu. Kisha anauliza, "Dada fundi, na mfumo wangu wa duka uko wapi?"

Mfumo haupo. Kampuni iliyomuuzia haijauandaa kwa Linux. Mashine inarudi palepale kupigwa window ya kuchakachua, isiyo na leseni wala masasisho, ikiwa imebeba hesabu zote za biashara yake.

Nina ya kuwaambia wauza mifumo, lakini kwanza nina ya kuwaambia wenzangu tunaopenda programu huria. Kwa miaka mingi tumewahubiria wafanyabiashara hawa. Tumewaeleza habari za uhuru, usalama na kutotegemea kampuni moja ya kigeni. Tumewakumbusha kwamba kiini cha Linux kiko ndani ya kila simu ya Android, na kwamba tangu Novemba 2017 kompyuta kuu zote 500 zinazoorodheshwa kuwa na nguvu kuliko nyingine duniani zinaendeshwa na Linux. Yote ni kweli. Muuza mfumo anaitikia kwa adabu, anarudi ofisini, anafungua daftari la mauzo na kuona hakuna kilichobadilika. Daftari hilo ndilo tunalopaswa kuliandikia. Hatujawahi kumpelekea oda.

Nilimpigia simu kijana wa kampuni moja ya Dar es Salaam inayouza mfumo wa maduka ya dawa. Kampuni naiacha bila jina, maana huyu alinijibu vizuri kuliko wengi.

"Shikamoo mama. Linux tunaijua, seva zetu zote ziko juu yake. Tatizo wateja hawaiulizii."

Nikamwambia hawaiulizii kwa sababu mfumo wenu haupo huko.

"Na sisi hatupo huko kwa sababu hawaiulizii."

Tukacheka wote wawili. Halafu akaongeza neno lililonichoma: wanaouliza huwa ni mafundi, na mafundi hawanunui.

Amesema kweli. Sisi mafundi ndio tunaosambaza programu zilizovunjwa, halafu jioni tunalalamika kwamba kampuni hazituthamini. Chukua Photoshop. Hapa mjini sijui mpiga picha za harusi ambaye hakuniuliza kwa nini haipo kwenye Linux, na sijui hata mmoja kati yao aliyewahi kuilipia. Adobe, kampuni yenye Photoshop, ikihesabu wateja wake Tanga, watu hawa hawamo, wawe kwenye Windows au popote. Mtu ambaye hajawahi kuwa mteja atatishia kuondoka aende wapi?

Tena Adobe haikushawishika hata na wenye fedha zao. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 studio kubwa za filamu za Marekani zilikuwa zinaachana na mashine ghali za SGI na kuhamia Linux. Zilikuwa na vikosi vya wachoraji na bajeti za kununua leseni kwa mamia. Watengenezaji wa Maya, programu ya kuchora filamu za katuni za 3D, waliona oda hiyo wakaileta Maya kwenye Linux mwaka 2001, na mpaka leo Autodesk, wamiliki wake wa sasa, wanaiuza huko. Photoshop haikuja. Mwaka 2003 Disney na wenzake wakaamua kuilipa kampuni ndogo ya CodeWeavers ili iifanye Photoshop ya Windows ikubali kufunguka kupitia Wine, ile programu huria inayoziwezesha programu za Windows kuendeshwa juu ya Linux. Studio zile zile, fedha zile zile, majibu mawili tofauti. Kwa watengenezaji wa Maya, studio hizo zilikuwa sehemu kubwa ya soko. Kwa Adobe zilikuwa tone. Ndiyo maana mimi simwombi mtu apoteze muda kuiandikia Adobe kutoka Tanga. Tuanze na kampuni ambazo kwao duka la dawa la Ngamiani ni mteja wa kuonekana.

Nirudi kwa yule kijana, maana hesabu yake inafaa kueleweka. Nilidhani hofu yake ni gharama ya kuandika upya programu. Kumbe hofu yake ni simu. Duka la dawa likifunguliwa Jumamosi asubuhi na risiti ikagoma kutoka, mwenye duka hampigii Linus Torvalds, mwasisi wa Linux. Anampigia yeye. Kila mfumo endeshi anaouongeza unamlazimu kuajiri mtu mwingine anayeujua, na mtu huyo anataka mshahara hata mwezi ambao hakuna aliyepiga. Juu ya hapo kuna swali la Linux ipi. Debian, Fedora, Mint, Ubuntu, hazipakii programu kwa njia moja na zote zina mashabiki wasiopatana. Sisi tunauona wingi huo kuwa utajiri. Yeye anaona kazi moja ikizaa kazi nne.

Kwa hiyo tusimtajie "Linux". Tumtajie Ubuntu 24.04, basi. Matoleo ya LTS ya Ubuntu, yaani yale ya huduma ya muda mrefu, hutoka kila baada ya miaka miwili, mwezi wa Aprili, na kila moja hupata masasisho ya kawaida kwa miaka mitano. Muuza mfumo akijua kwamba anaandaa kitu kimoja kitakachodumu miaka mitano, hofu yake inapungua nusu. Mashabiki wa Linux za aina nyingine wataninunia. Waninunie tu, nitawatengenezea mashine zao vilevile.

Na kazi yenyewe si kubwa kama inavyodhaniwa. Kijana aliponiruhusu kuunakili mfumo wake kwenye mashine ya majaribio, nilikuta ndani ni PHP na MySQL, vimewekwa kwenye XAMPP, na kila kitu kinafunguka kwenye kivinjari. Yaani mfumo "wa Windows" umejengwa kwa vifaa ambavyo kila siku vinatumika kwenye seva za Linux, zikiwemo zake mwenyewe. Niliuhamishia Ubuntu ukafunguka, isipokuwa nembo na kurasa chache za ripoti. Sababu ilikuwa ndogo ya kuchekesha: faili linaitwa Ripoti.php, lakini programu inaliita ripoti.php. Windows haijali herufi kubwa na ndogo, Linux inajali. Sehemu nyingine njia ya faili ilianza na C: na mikwaju ya kurudi nyuma. Nikamtumia orodha, na baada ya siku chache akanirudishia toleo lililosahihishwa. Lile toleo, nadhani, lilifanya kazi kubwa kuliko hotuba zangu zote, kwa sababu sasa ilikuwa vigumu kwake kusema haiwezekani.

Sitasema kila mfumo ni mwepesi hivyo. Ipo iliyoandikwa kwa Visual Basic ya zamani, hifadhidata yake ni ya Access na mwandishi wake ameshahama nchi. Hiyo iacheni ifie ilipo. Iliyo katikati ndiyo ya kuzungumzia: ile ya C# na SQL Server. Microsoft yenyewe ilitoa .NET Core, msingi wa kuendeshea programu za C#, inayofanya kazi kwenye Linux mwaka 2016, na mwaka 2017 ikatoa SQL Server kwa Linux. Madirisha ya mbele, yale ya kubofya, yanabaki kuwa ya Windows mpaka yaandikwe upya, lakini hifadhidata na hesabu zote za nyuma zinaweza kuhama. Tukumbuke kwamba hii ndiyo kampuni ambayo mwaka 2001 mkuu wake, Steve Ballmer, aliifananisha Linux na saratani. Haikuokolewa na mahubiri ya mtu. Wenye seva walikuwa wameshahamia Linux na pesa zao, na Oracle alikuwa ameshatangaza tangu 1998 kwamba anawauzia hifadhidata huko. Microsoft ikafuata wateja.

Ballmer huyohuyo ana kisa kingine ninachokipenda. Mwaka 2003 jiji la Munich, Ujerumani, lilikuwa linafikiria kuhamisha kompyuta zake zipatazo 14,000 kutoka Windows kwenda Linux. Ballmer alikuwa likizoni akiteleza kwenye theluji. Akaikatisha likizo akaenda kumwona meya na kumpunguzia bei. Sina hakika kama kuna hotuba ya programu huria iliyowahi kumtoa mkurugenzi wa ngazi ile kwenye mapumziko yake. Oda moja ilimtoa.

Munich walihama kweli, wakamaliza karibu na mwaka 2013, kisha mwaka 2017 madiwani wakapiga kura ya kurudi Windows. Siasa ilikuwemo. Lakini kilio kilichosikika mara kwa mara kilikuwa kilekile cha mteja wangu wa Ngamiani: programu maalumu za idara, zile za vibali na usajili, nyingi zilikuwa bado zimefungwa kwenye Windows. Linganisha na askari wa Gendarmerie wa Ufaransa. Wao walianza na programu, wakaacha mfumo endeshi kama ulivyo. Mwaka 2005 wakahamia OpenOffice, zikafuata Firefox na Thunderbird, na Ubuntu ikaanza kuingia mwaka 2008, wakati kazi zao nyingi zilikuwa hazijali tena chini yake kuna nini. Leo ni kompyuta zaidi ya laki moja, na hazijarudi. Mkubwa wa taasisi anayesoma hapa, mpango wa Wafaransa hauna siri yoyote. Anza kununua mifumo inayofunguka kwenye kivinjari leo, ukiwa bado kwenye Windows, na siku ya kuhama haitakuwa na kelele.

Wapo watakaosema tatizo limeshatatuliwa na Wine. Watanitajia Valve, wenye duka la michezo ya kompyuta la Steam. Mwaka 2012 bosi wao Gabe Newell alitishwa na Windows 8 iliyokuja na duka lake ndani. Februari 2013 wakaleta Steam kwenye Linux na kuwaita watengenezaji wa michezo wafuate. Wengi hawakufuata. Agosti 2018 wakabadili njia wakatoa Proton, iliyojengwa juu ya Wine, na michezo ya Windows ikaanza kuchezwa kwenye Linux bila mtengenezaji kugusa kitu. Kisha mwaka 2022 wakauza mashine ya mkononi ya Steam Deck yenye Linux ndani, ikanunuliwa, na hapo watengenezaji wakaanza wenyewe kuhakikisha michezo yao haigomi kwenye mashine ile. Ni kisa kizuri, nami natumia Wine kila wiki. Ila Valve ana duka lake, mashine yake na mabilioni yake. Mfanyabiashara mdogo akiendesha mfumo wa hesabu kupitia Wine, kampuni inamwandika kuwa ni mteja wa Windows, na siku sasisho likivunja kila kitu ataambiwa hakuna mkataba wa namna hiyo. Ukitumia Wine, basi iandikie kampuni barua pepe siku unapolipa: mfumo wenu ninautumia kwenye Ubuntu, niwekeni kwenye hesabu. Dakika mbili tu.

Na ushangiliaji usiofuatwa na malipo unaua. Kampuni ya Loki Software ilianzishwa Marekani mwaka 1998 kwa kazi moja, kuhamishia Linux michezo iliyokuwa inavuma. Ilipendwa sana. Tatizo michezo yake ilitoka baada ya ile ya Windows, na mashabiki wengi walikuwa na Windows upande wa pili wa diski, mchezo wameshaucheza wakaumaliza. Januari 2002 Loki ikafungwa. Kila nikiona mtu anadai programu iletwe kwenye Linux, na tena iwe bure, namkumbuka Loki.

Serikali nayo inaweza kufanya jambo kubwa kwa mstari mmoja. Zabuni za umma sasa zinapita kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa umma wa kielektroniki, na Mamlaka ya Serikali Mtandao ipo kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2019. Mstari wenyewe uwe hivi: mfumo unaonunuliwa kwa fedha za umma ufanye kazi kwenye kivinjari chochote cha kisasa bila kutegemea mfumo endeshi mmoja, na kila kifaa kinachochomekwa, kuanzia printa hadi skana ya vidole, kije na draiva ya Linux. Mstari wa draiva usipuuzwe. Nimewahi kuhamisha duka zima likakwama kwenye mashine ya risiti, maana muuzaji wake alikuwa na draiva ya Windows pekee na jibu lake lilikuwa kwamba hajawahi kuulizwa. Printa za kawaida za risiti, zile za karatasi ya milimita 80, hazinisumbui. Nyingi zinaelewa amri za ESC/POS na Ubuntu inazipokea. Ni vile vifaa vyenye programu ya siri ndani vinavyotufunga mikono.

Uwezo wa kufanya haya nyumbani haujaanza jana. Desemba 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu kamili ya ofisi kwa Kiswahili. Vijana ninaowafundisha ufundi hawajawahi kuisikia. Nawaonyesha picha zake, menyu zote kwa Kiswahili, wanadhani nimezitengeneza mwenyewe.

Sasa oda yenyewe. Nilikusanya wenye maduka ya dawa wachache wanaotumia mfumo wa yule kijana, pamoja na zahanati moja ya jirani. Haikuwa rahisi. Mmoja aliniuliza kama nataka kumwingiza kwenye siasa. Mwingine alitaka kwanza ajue yeye atapata nini, swali la haki kabisa, nikamjibu atapata kuitumia mashine aliyonayo badala ya kununua nyingine. Tukaandika barua ya ukurasa mmoja. Hatukuandika neno uhuru hata mara moja. Tulitaja majina ya maduka, idadi ya mashine katika kila duka, Ubuntu 24.04, aina za printa, na mwezi ambao malipo ya matengenezo ya mwaka yanafika. Tukasema tuko tayari kulipa nusu mapema toleo likiwa tayari, na kwamba simu ya kwanza ya tatizo itapokelewa hapa Tanga kabla haijafika Dar.

Jibu lilikuja kwa maandishi, lenye nembo ya kampuni na bei. Bei imepanda kidogo kuliko ya Windows kwa mwaka wa kwanza, kisha inalingana. Wenzangu wa mtandaoni niliowaonyesha walikasirika: kwa nini mtu wa Linux alipe zaidi? Kwa sababu yeye ndiye wa kwanza, na wa kwanza hununua barabara ambayo wengine watapita. Mimi naona ni bei ya haki, hasa ukijumlisha gharama ya kompyuta mpya ambazo maduka hayo hayatanunua.

Mwenye duka mmoja ameshajitoa, anasema atasubiri aone yatakayowapata wenzake. Waliobaki wanatosha kwa masharti ya kampuni. Kinachojadiliwa sasa ni ile simu ya Jumamosi. Kampuni inataka jina langu liandikwe kwenye mkataba kuwa ndiye nitakayeipokea, nami nimewarudishia rasimu yenye jina langu na, mstari wa chini yake, kiasi nitakacholipwa kwa mwezi.